Gari lisilo na kinga likiibwa usiku na kuumiza mtu, mwenye gari anabeba lawama kiasi gani?

Mkaazi wa Donholm (mwenye uzi)

Wadau, habari zenu. Kuna jambo limetugawanya hapa mtaani kwetu na nimeona nililete humu, maana najua kuna mafundi, watu wa bima na wanasheria.

Jirani yetu ana Probox anayobebea mboga kutoka soko la Marikiti hapa Nairobi. Imechukuliwa usiku kwenye maegesho ya mtaa. Hakuna kioo kilichovunjwa wala alamu iliyolia. Soja wa lango anasema aliliona gari likitoka taratibu, akadhani ni mwenyewe anawahi sokoni kama kawaida yake. Kulipokucha likapatikana limetelekezwa kando ya barabara ya Outer Ring, pua imebonyea, na kijana wa boda aliyegongwa nalo yuko hospitali, mguu umevunjika.

Kamati ya wakaazi ikaitana haraka na kutoa maazimio mawili. La kwanza, gari lolote lisilo na imobilaiza (kifaa kinachozuia injini kuwaka bila ufunguo wenye chipu yake) halilali ndani ya geti mpaka mwenyewe aweke kufuli ya usukani na swichi ya siri ya kulizima gari. La pili, jirani achangie matibabu ya yule kijana kwa kuwa "alijua gari lake linafunguka ovyo".

La pili nalipinga kabisa. La kwanza nakubaliana nalo nusu. Msimamo wangu ni huu: wajibu wa mwenye gari unaanza pale anapojua kasoro ya gari lake na ana uwezo wa kuirekebisha. Kabla ya hapo, wa kuulizwa ni yule aliyejua akanyamaza, na hao ni wengi kuliko tunavyopenda kukiri: kiwanda, aliyeliagiza, yadi iliyouza, hata kampuni ya bima iliyolikagua gari kisha ikachukua pesa yake.

Tazameni yaliyotokea Marekani. Magari mengi ya Kia ya 2011 hadi 2021 na Hyundai ya 2015 hadi 2021, yale ya ufunguo wa kuzungusha, yaliuzwa bila imobilaiza. Kwa modeli za 2015, watengenezaji wengine walikuwa wameiweka kama kifaa cha kawaida kwenye 96% ya magari yao, lakini kwa Kia na Hyundai ilikuwa 26% tu. Vijana wakagundua, video zikasambaa TikTok, na wizi ukalipuka mji baada ya mji kuanzia Milwaukee. Kufikia Februari 2023 mamlaka ya usalama barabarani ya huko, NHTSA, ilikuwa imeripotiwa ajali 14 na vifo 8 vilivyotokana na wizi huo. Ndipo kampuni zikatoa programu mpya ya bure kwa magari takriban milioni 8.3, na kufuli za usukani zikagawiwa kupitia vituo vya polisi. Mei 2023 zikakubali kulipa takriban dola milioni 200 kumaliza kesi ya wenye magari.

Sasa vukeni mpaka muingie Canada. Huko sheria inataka magari madogo mapya yawe na imobilaiza tangu 2007, kwa hiyo kampuni zilezile ziliiweka kwenye magari ya Canada. Yaani walijua namna ya kuiweka na walikuwa nayo stoo. Palipokosekana sheria, waliiacha. Mtu anayeniambia kwamba mama wa Milwaukee aliyenunua Kia kwa mkopo ndiye wa kulaumiwa, simwelewi.

Hapa kwetu magari hayo ya Marekani hayaingii, maana usukani wake uko kushoto. Ila tunanunua mitumba ya Japan na kuifuata kwa rangi, kilomita na bei. Nani aliwahi kuuliza yadi kama ufunguo una chipu? Na ni yadi gani iliwahi kusema bila kuulizwa?

Naomba maoni, hasa ya wanaojua mambo haya kwa mikono yao.

---

Fundi wa Grogan

Mzee, nakuunga mkono kwa sehemu, ila niongeze ninayoyaona gereji hapa Kirinyaga Road.

Gari la kazi kama hiyo Probox, mara nyingi linakuja na ufunguo wa chuma mtupu. Kinga pekee ni ile silinda unayoingiza ufunguo. Nikiifungua na kuiweka mezani, ndani yake kuna vibati vidogo vya shaba vinavyopanda na kushuka kulingana na meno ya ufunguo. Kwenye gari lililofanya kazi miaka mingi vibati hivyo vimelika upande mmoja mpaka vimekuwa laini kama kokoto ya mtoni, na ufunguo wenyewe umebaki na vilima vya kubahatisha. Hapo gari linaweza kuitika ufunguo wa gari jingine la aina yake. Mteja huwa ameshaona dalili: ufunguo unachomoka gari likiwa linaunguruma. Nikimwambia tubadilishe silinda ananijibu, "Wacha tu fundi, inawaka vizuri."

Sasa huyo mzee ni mjinga? Hapana. Ana pesa ya mafuta ya kesho na karo ya mwezi huu. Lakini ameshaambiwa. Kwa kipimo chako mwenyewe, wajibu wake umeshaanza.

Kuna kundi jingine ambalo watu hawalitaji. Gari limekuja na imobilaiza yake kamili, mwenyewe akapoteza ufunguo wa chipu, akaambiwa bei ya kutengeneza mwingine akaona ni kubwa. Akatafuta fundi wa kuiruka imobilaiza ili gari liwake kwa ufunguo wowote. Kazi hiyo nimeikataa mara nyingi, na najua wateja wale wanaenda kwa mwenzangu wa pili kutoka hapa. Huyo amevunja ukuta kwa hiari yake. Tena akiliuza gari, anayenunua haambiwi.

---

Mama Imani

Nimesoma nimeumia. Na mimi nina gari dogo la mkopo, Demio, naishi ploti isiyo na geti. Hiyo kamati yenu imeangalia nani ana gari la bei ya chini, ikamtwika mzigo. Kuna mtu pale ana Prado ya kubonyeza kitufe, je, ameambiwa chochote? Au kwa kuwa gari lake ni la bei basi ni salama?

Halafu soja analipwa na nani? Si hao wakaazi wanaotoa pesa ya ulinzi kila mwezi? Aliona gari linatoka usiku wa manane, hakusimamisha, hakuandika, hakumpigia mwenyewe hata simu. Lawama ikamruka yeye, ikairuka kamati iliyomwajiri, ikamwangukia mchuuzi wa mboga.

---

Mkaazi wa Donholm

Dada, hilo la soja nilisema kikaoni, nikaambiwa pale getini pameandikwa kwamba magari yanaegeshwa kwa hatari ya mwenyewe. Mazungumzo yakaishia kwenye kibao.

---

Mitambo na Waya

Mama Imani ana haki kabisa kuhusu Prado. Gari la kitufe nalo lina matundu yake, ni ya aina nyingine tu.

London mwaka 2022, mtafiti wa usalama wa magari Ian Tabor alikuta bampa na taa ya mbele ya RAV4 yake vimevutwa. Alidhani ni uharibifu wa kawaida. Ikatokea tena, kisha gari likatoweka. Mwenzake Ken Tindell alieleza mwaka 2023 jinsi ilivyofanyika: kompyuta ndogondogo za gari huzungumza kupitia jozi ya waya, na waya hizo zinafika mpaka kwenye taa. Mwizi anajiunga hapo kwa kifaa kilichofichwa ndani ya kasha la spika ya Bluetooth, na gari linaamini kwamba ufunguo halali uko karibu. Mwenye gari alikuwa amefunga milango na ufunguo uko ndani ya nyumba. Mngemlaumu kwa lipi?

Kwa sisi wa Nairobi somo liko hapohapo. Tumezoea kwamba taa ikivutwa ni mtu wa spea, tunaenda kutafuta nyingine mjini na maisha yanaendelea. Ukiona taa ya gari la kisasa imevutwa na haikuchukuliwa, usilale nayo hivyo. Lihamishe gari na uweke kizuizi cha chuma kwenye usukani, kwa sababu waya za taa hazifungui chuma.

Na ile mbinu ya wezi ya kunasa mawimbi ya ufunguo ulioko sebuleni na kuyafikisha kwenye gari inazuiwa kwa pochi ya chuma ya kuwekea remoti. Vilevile kwenye maegesho ya maduka makubwa: kuna watu wanaziba mawimbi ya remoti, unabonyeza ukienda zako na mlango haujafunga. Vuta kitasa kwa mkono kabla hujaondoka.

---

Dalali wa Bima

Nizungumzie upande wangu kwa sababu nimetajwa.

Kwanza, wengi wenye magari kama hiyo Probox wana bima ya lazima tu, ile ya mtu wa tatu chini ya Sura ya 405 ya sheria za Kenya. Haikulipi gari lako likiibwa. Watu wanafika ofisini wakilia, na karatasi imeandika wazi.

Pili, wenye bima kamili. Ndani ya mikataba mingi kuna sharti kwamba uchukue tahadhari ya kuridhisha kulinda gari. Ukiacha ufunguo ndani ukaingia dukani, tarajia kubishaniwa. Pia kuna ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, na kwa wizi huwa kubwa zaidi kama gari halina traka (kifaa cha kuonyesha gari lilipo) au kifaa cha kuzuia wizi. Soma kabla ya kusaini, na ukiona umeonewa, Mamlaka ya Kudhibiti Bima inapokea malalamiko.

Lakini sikubaliani na mwenye uzi kwamba sisi tunajua na kunyamaza. Mkaguzi anaangalia bodi, injini, thamani. Hafungui silinda ya ufunguo.

---

Mkaazi wa Donholm

Ndugu Dalali, nakujibu kwa heshima. Kama kampuni inajua kwamba gari lisilo na kifaa linaibwa kwa urahisi kiasi cha kumwongezea mteja mzigo wa hasara, basi hilo ndilo la kumwambia siku ya kwanza, kwa mdomo, kwa Kiswahili, kabla hajalipa. Kuliweka ukurasa wa tisa na kulikumbuka siku ya dai ndiko ninakokuita kunyamaza. Marekani nako, mwanzoni mwa 2023 State Farm na Progressive waliacha kuandika bima mpya za baadhi ya modeli zile katika baadhi ya miji. Takwimu walikuwa nazo. Aliyebaki bila bima ni mwenye gari, ambaye hakuchora mchoro wa swichi ya kuliwashia.

---

Dalali wa Bima

Hoja ya kumwambia siku ya kwanza naikubali. Wateja wangu nitawaeleza hivyo.

---

Wakili wa Mtaani

Nimechelewa, nitagusa lile azimio la pili kwanza kwa sababu lina hatari.

Kamati ya wakaazi si mahakama. Haina uwezo wa kumwamuru mtu alipe fidia ya jeraha. Kwa sheria tunayoifuata, mwenye gari anawajibika kwa makosa ya dereva pale dereva alipokuwa mfanyakazi wake, wakala wake, au aliyeruhusiwa kulitumia kwa shughuli yake. Mwizi si yeyote kati ya hao. Ili kumfunga mwenye gari kwa uzembe, mdai atalazimika kuonyesha kwamba mwenye gari alikuwa na wajibu kwa huyo aliyeumia, kwamba madhara yale yalionekana mapema, na kwamba uzembe wake ndio ulioyaleta licha ya mtu mwingine kuingilia kati na kutenda jinai. Huo ni mlima. Aliyeliacha gari likiunguruma bila mtu nje ya shule yuko karibu zaidi na kilele kuliko aliyefunga milango akaenda kulala. Wizi wenyewe ni wa mwizi: kifungu cha 278A cha Kanuni ya Adhabu kinampa hadi miaka saba.

Nchi nyingine zimeandika wajibu huu wazi. Ujerumani, kifungu cha 14 cha kanuni za barabarani kinamtaka dereva alilinde gari lisitumiwe na asiyeruhusiwa. Majimbo kadhaa ya Marekani yanakataza kuliacha gari likiunguruma na ufunguo ndani. Mtaona kwamba sheria hizo zinamdai mtu kile kilicho mikononi mwake, yaani kufunga na kutoa ufunguo. Hazimdai atengeneze upya gari lililotoka kiwandani na upungufu.

Kuhusu kiwanda na yadi, Kifungu cha 46 cha Katiba yetu kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, haki ya kupewa taarifa za kumwezesha kuitumia ipasavyo, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Ipo pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Kama kukosa imobilaiza ni "kasoro" kisheria ndipo mabishano yangeanzia. Hata Marekani, wanasheria wakuu wa majimbo 17 na Washington DC walipoomba Aprili 2023 magari yale ya Kia na Hyundai yaitwe yarudi kurekebishwa, NHTSA haikuona msingi wa kuyaita.

Na kile kibao cha getini, mzee, kisikutishe. Hakiwi ngao ya kila uzembe wa mlinzi mnayemlipa. Someni mkataba wenu na kampuni ya ulinzi, angalieni unasema nini kuhusu magari yanayotoka usiku.

---

Self-drive Kasarani

Sisi wa kukodisha magari mnatusahau. Mtu anakuja na kitambulisho, anasaini, anachukua gari kwa ufunguo halali, traka inazimika akiwa njia ya Namanga, kuelekea mpaka wa Tanzania. Hapo imobilaiza itafanya nini?

---

Wakili wa Mtaani

Pole ndugu. Hilo lina sheria zake, ufunguo ulitoka mkononi mwako kwa makubaliano. Fungua uzi wake tutakuja.

---

Afande Mstaafu

Niliwahi kupokea watu wengi walioibiwa. Nitasema machache. Mtu anafika kaunta hajui namba ya chesisi, logibuku iko kijijini, picha ya gari hana. Saa zinapotea. Weka picha ya logibuku kwenye simu, na kwenye simu ya mke au mume pia. Likipotea, piga ripoti kituo kilicho karibu mara moja na uchukue namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), kwa sababu gari likifanyia uhalifu kabla hujaripoti, wewe ndiye utakayegongewa mlango wa kwanza. Traka ikikuonyesha lilipo, usilifuate peke yako. Niliona mambo mabaya.

Huyo jirani aliripoti saa ngapi?

---

Mkaazi wa Donholm

Afande, asante. Aliripoti alfajiri mara tu alipoamka na kukuta nafasi ni tupu, kabla hajaambiwa habari za ajali.

Wakili, umenipa ninachohitaji. Kikaoni nitaomba azimio la pili lifutwe na badala yake tufanye mchango wa hiari kwa kijana wa boda, maana ana mke na mtoto na haifai tubishane kuhusu sheria huku bili inapanda. Jirani mwenyewe ameshaenda kumwona wodini bila kulazimishwa na mtu.

Azimio la kwanza nataka lisomeke hivi: magari yote, ya ufunguo na ya kitufe, yawe na kizuizi cha usukani usiku, kamati inunue kwa jumla ili bei ishuke, na asiyeweza kulipa mara moja alipe kidogokidogo. Soja aandike kila gari linalotoka baada ya saa nne usiku na ampigie mwenye gari simu kabla ya kufungua. Mtu akishapewa hiyo nafasi, akaelezwa, akawezeshwa, kisha akakataa kwa kiburi, hapo hata mimi nitamwambia usoni kwamba anatuhatarisha sote. Gari lililoibwa halibaki kuwa hasara ya mwenyewe peke yake. Linaweza kwenda kubebea majambazi, linaweza kupanda ukingo wa barabara penye watoto.

Fundi, swichi ya siri unaiweka wapi?

---

Fundi wa Grogan

Mahali sitasema hadharani, na fundi yeyote anayeiweka chini ya usukani kila gari amekupotezea pesa, kwa sababu hapo ndipo mkono wa mwizi unapoenda kwanza. Mimi napendelea ikate pampu ya mafuta, siyo stata, maana stata anaweza kuiruka. Waya iwe ya unene unaofaa, maungio yafungwe vizuri, la sivyo gari litazimika katikati ya Jogoo Road na lori nyuma yako. Mwenye gari awepo wakati wa kazi, na vijana wa gereji wasimame kando.

Halafu ubadilishe na silinda. Swichi bila silinda ni nusu ya kazi.

---

Mama Imani

Fundi, na Demio yangu nitajuaje kama ina chipu au aliyeniuzia aliiruka? Nilipewa ufunguo mmoja tu, akasema wa pili ulipotea.

---

Fundi wa Grogan

Mama, kuna taa ndogo ya ufunguo au ya usalama kwenye dashibodi. Kwa magari mengi yenye imobilaiza huwaka au kumetameta ukizima gari, au huonekana kidogo ukifungua swichi. Isipoonekana kabisa, au ikibaki imewaka gari likitembea, lete nilipime kwa mashine, ni kazi fupi. Kwa yeyote anayenunua sasa: dai funguo zote mbili kabla ya kulipa, ujaribu kuwasha kwa kila mmoja. Na kama wa pili "ulipotea", fundi aufute kwenye kompyuta ya gari ili usiwashe tena, popote ulipo. Hilo linawezekana kwa magari ya chipu. Kwa ya ufunguo mtupu hakuna cha kufuta, unabadilisha silinda.

---

Mama Imani

Taa siioni kabisa. Nitakuja Alhamisi asubuhi, na huyo aliyeniuzia nampigia leo.